Maneno Saba Yaliyomfuta Galusi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu, hiyo nitaikumbuka. Ni siku niliyomtukana karani wa watu kwa Kiingereza, maneno saba mfululizo bila kuvuta pumzi, nikiwa na miaka ishirini na viatu vya kuazima. Juzi nilikuona umekaa barazani na daftari lako la Kiingereza, unakariri, halafu mwenzako akakutania kidogo tu nawe ukamrukia kama jogoo. Nikasema moyoni, ee, damu yangu hiyo. Kaa hapa. Hadithi yenyewe inaanzia msituni, haina haraka, na mimi leo sina pa kwenda.

Miaka ile ya hamsini nilitoka kwetu Mbeya, kwa mama yangu Mwanjelwa, nikaenda Uhehe kutafuta kazi. Mwanjelwa ya wakati ule usiifikirie kama hii unayoijua. Ilikuwa mashamba na vibanda vichache, ukipiga kelele anakusikia ng'ombe. Nikaishia milima ya Kilolo kupasua mbao. Baridi ya kule inakung'ata masikio mpaka saa nne asubuhi, na ukungu unakaa juu ya miti kama umelipa kodi ya pango.

Kupasua mbao wakati huo ilikuwa kazi ya watu wawili na msumeno mmoja mrefu. Gogo mnaliinua juu ya miti mliyoisimamisha, mnalipiga kamba iliyopakwa unga mweusi wa betri ili mpate mstari, halafu mmoja anapanda juu ya gogo, mwingine anakaa chini yake. Wa juu anavuta, wa chini anavuta, kutwa nzima. Wa juu ndiye anayeuona mstari. Wa chini haoni kitu, anamwamini tu mwenzake, na unga wote wa mbao unamwagikia yeye usoni.

Mimi nilikuwa wa juu. Wa chini alikuwa Galusi.

Galusi alikuwa kijana wa Kihehe wa palepale Kilolo, mpole, mfupi, ana mabega kama mlango. Mimi kwa tabia nilikuwa moto. Nilikuwa naongea tangu naamka, na mtu akimgusa rafiki yangu nilikuwa nimeshafika kabla rafiki mwenyewe hajajua kaguswa. Galusi aliniambiaga, "Amba, wewe ungekuwa maji usingeivisha chakula, ungemwagika tu." Jina langu ni Ambakisye, lakini Wahehe walilikata, likabaki Amba. Tulikuwa tunakula sahani moja na tunalala blanketi moja, na ulanzi, pombe ya mianzi, tukiupata tunakunywa kikombe kimoja.

Sasa pale kambini palikuwa na mzee mnoa misumeno, Mzee Teofili. Ujanani alisoma seminari, akaumwa kifua, akarudishwa nyumbani kabla ya upadre. Seminari haikumpa kanzu lakini ilimpa Kilatini. Alikaa kwenye kisiki chake na tupa mkononi, ananoa jino moja baada ya jingine, huku midomo inacheza, na sisi tulidhani anasali. Kumbe anajisemea maneno tu asiyasahau.

Siku moja akanisikia nalalamika kwamba Kiingereza ni kigumu, maneno yake hayaishi, nimeishia darasa la nne na nitakufa hivyohivyo. Akaniita.

"Wewe kijana. Pasua, pasuka, pasuliwa, mpasuaji, mpasuko. Maneno mangapi hayo?"

"Matano, mzee."

"Mama zao wangapi?"

Nikafikiri. "Mmoja."

"Ulikaririshwa yote matano?"

"Hapana. Nimeyajua tu."

"Basi na Mzungu ni hivyohivyo. Ana mama wachache na watoto wengi. Mama wengi kawachukua Kilatini, wengine Kigiriki. Wewe unahangaika na watoto mmojammoja kama mwalimu wa chekechea. Nenda kwa mama."

Akaokota mkaa, akaandika kwenye kichwa cha gogo: PORT. Akasema hii kwa Kilatini ni kubeba. Ukiipa mkia wa mtu inakuwa porter, mbebaji. Ukiipa mkia wa kuwezekana inakuwa portable, kinachobebeka. Ukiitangulizia trans inakuwa kubeba kuvusha ng'ambo. Im ni ndani, ex ni nje. Mwanangu, nilisimama pale mdomo wazi. Maneno matano kwa mkaa mmoja! Ilikuwa kama mtu kanifungulia ghala ambalo miaka yote nilikuwa naokota punje nje ya mlango wake.

Tangu siku hiyo tukasoma kwa msumeno. Mimi juu nikivuta naita, "Scrib!" Galusi chini akivuta anajibu, "Kuandika!" Nikivuta, "Describe!" Anajibu, huku anatema unga wa mbao, "Kuandika mtu alivyo!" Gogo la asubuhi ni mizizi, gogo la mchana ni mikia. Wapasuaji wengine walisema tumerogwa. Mzee Teofili alituwekea sharti moja tu. Neno usiliandike daftarini mpaka uwe umelifanyia kazi siku hiyo, umelisema kwa jambo la kweli. Daftari lenyewe lilikuwa moja, letu wawili. Mimi niliandika kuanzia mbele, yeye kuanzia nyuma.

Halafu tukafika kwenye maneno yanayofanana maana. Mzee akayaita maneno ndugu. Alisema, "Hawa ndugu wamezaliwa nyumba moja lakini kila mmoja ana kazi yake. Nina tupa tatu hapa, zote ni tupa. Ukichukua ya meno makubwa ukanolea msumeno mwembamba, umeuharibu. Usiokote ndugu wote ukawabeba kichwani kwa kuwa ni wengi. Jua yupi wa kazi gani."

Sikumsikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa naelekea kuvunja la mwenzangu. Niliyapenda yale maneno ndugu, tena nikupe ukweli, niliyapenda ya ugomvi. Ya upole niliandika mawili matatu. Ya kumwambia mtu mjinga niliandika ukurasa mzima, nikayakariri kwa mpangilio, nayasema nikienda kuchota maji. Sharti la mzee nilililinda kwa ujanja, nikawa namtukana nyani aliyetuibia mahindi.

Wakati huo macho ya Galusi yakaanza kuharibika. Yalikuwa mekundu tangu zamani, lakini sasa asubuhi yalikuwa yanagandana, inabidi nimpashie maji ya moto ayafungue. Tulijaribu kubadilishana nafasi. Mimi chini, yeye juu. Haikufaa, mkono wake ulikuwa haushiki mstari, mbao zikatoka nene huku nyembamba kule na nyapara akatutishia kutufukuza. Akarudi chini. Tulipompeleka zahanati, mganga alimpa dawa akamwambia waziwazi: "Ondoka kwenye vumbi. Usipoondoka, miaka miwili hii utakuwa unashikwa mkono."

Kwenye karatasi ya zahanati palikuwa pameandikwa neno refu, conjunctivitis. Njiani Galusi akaketi kwenye jiwe, akalikata kama mbao. Con, pamoja. Junct, kuunga. Itis, mkia wa kuvimba na kuwaka. Kisha akasema, "Amba, ugonjwa wangu nimejua unaitwaje. Sasa nataka nijue unatibiwaje."

Hapo ndipo alipoamua kuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati.

Na Mungu si Athumani, haukupita muda tukasikia Mbeya wanatafuta vijana wa kufundishwa udresa. Walisema hata ambaye hakufika mbali shuleni aje, mradi apasi mtihani wa Kiingereza. Kujiandikisha Jumatatu, mtihani Ijumaa. Tukakubaliana twende wote wawili. Tukapanda lori la mbao la tajiri mmoja Mhindi wa Iringa, tumekaa juu ya mbao tulizopasua wenyewe. Mzee Teofili naye alikuwa anakwenda Mbeya kununua tupa, akakaa mbele na dereva. Mama yangu alitupokea Mwanjelwa kwa kande na maziwa. Alipoyaona macho ya Galusi akasema, "Huyu mtoto wa watu mmemfanyaje?" Nilikuwa mimi juu, yeye chini.

Jumatatu tukapanga foleni kwenye kibaraza cha ofisi. Mezani alikaa karani mmoja Mngoni, tai shingoni, miwani puani, mwandiko wake unalala vizuri kama nyasi za bondeni. Vijana kama thelathini. Mimi nikaandikwa, nikasogea pembeni. Akaja Galusi.

"Jina?"

"Galusi."

"Kabila?"

"Mhehe, wa Kilolo."

Karani akaweka kalamu chini. Akavua miwani. Akamtazama Galusi juu mpaka chini, kisha akapaza sauti foleni nzima isikie:

"Alaa! Mtumwa wangu! Mtumwa wangu katoroka huko milimani kaja kutaka kazi ya serikali! Na hayo macho mekundu ni ulanzi au ulikuwa unamlilia bwana wako?"

Foleni ikacheka.

Mwanangu, sikusikia kitu kingine. Nilisikia mtumwa, nikasikia macho. Yale macho niliyoyapashia maji kila asubuhi! Nikaruka mbele, nikapiga meza, na ule ukurasa wote ukatoka kama ulivyopangwa: "You are stupid, foolish, ignorant, senseless, impolite, incompetent and contemptible!"

Hata kuku aliyekuwa anaparua pale uani alisimama. Nami, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilijisikia mtamu. Niliona fahari. Maneno saba, hakuna hata moja lililoniponyoka!

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka Mzungu mkubwa wa ofisi. Alikuwa amesikia. Akauliza ni nani anayemtukana karani wake. Macho yote yakaja kwetu, kwangu na kwa Galusi tuliosimama bega kwa bega. Karani akaanza kusema, "Bwana, huyu mwingine hana..." Mzungu akamkatiza kwa mkono. Akachukua kalamu, akauliza majina yetu, akapiga mstari mmoja kwa rula juu ya yote mawili. Akarudi ndani.

Nilimtazama karani nikitegemea kuona anacheka. Hakucheka. Alimtazama Galusi kwa uchungu, kama mtu aliyemwagikiwa chakula cha mgeni.

Tukashika njia ya Mwanjelwa. Karibu na nyumbani Galusi akasimama.

"Amba. Yule ni Mngoni."

"Najua ni Mngoni! Ndiyo akuite mtumwa?"

"Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakaachia wajukuu matusi. Akiniita mtumwa amenikaribisha. Asingeniita ningeogopa." Akafuta macho kwa kiganja, sijui ni ugonjwa au ni nini. "Nilikuwa nimeshapata jibu, tena zuri. Nilitaka kumwambia babu yake aliiacha ngao Uhehe wakati anakimbia, aje aichukue, imeanza kuliwa na mchwa. Angecheka yule. Angeniandika kwa wino mwekundu."

Ningepigwa ngumi ningeshukuru. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nilikuwa naisikia tangu mtoto, lakini siku hiyo ndiyo niliona damu yake.

Mzee Teofili alikuwa kwa mama, anakagua tupa zake mpya. Nikamweleza yote, hata yale saba nikayahesabu. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Halafu akaniuliza:

"Kwenu Wanyakyusa hakuna utani?"

"Upo."

"Mtani wako akikuita mchawi unampeleka mahakamani?"

"Hapana, mzee. Ila sikujua kama Wahehe na Wangoni..."

"Hukujua. Neno la Kizungu ukikutana nalo hulijui unafanyaje?"

"Nalikata. Natafuta mzizi."

"Unalikasirikia?"

Nikatikisa kichwa.

"Neno la Mzungu ambaye hajawahi kukupa hata maji unalitafutia mzizi siku nzima, juu ya gogo, na jasho. Neno la Mwafrika mwenzako hukulipa hata pumzi moja. Hukutazama hata uso wa Galusi uone kama kaumia. Ulimtetea mtu aliyekuwa anacheka." Akaitia tupa kwenye mfuko. "Mimi ndiye niliyekupa yale maneno. Kwa hiyo na mimi nimemfuta Galusi leo."

Hilo la mwisho, mwanangu, ndilo lililonifanya nilie. Angenigombeza tu ningejitetea.

Akaniagiza niende kesho yake asubuhi kwa karani, nyumbani kwake, kabla hajavaa tai. Nikaombe radhi kwa Kiswahili, sentensi moja, nisiipambe. Nikienda kwa Mzungu nitumie maneno mafupi tu, yale ya darasa la nne. Mama akanipa kuku jike, akasema, "Umshike vizuri, usimnyonge kwa hasira."

Nilimkuta karani amevaa kaptula, anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Akaniona na kuku wangu.

"Aa, dikshenari umeamka?"

Nikapiga magoti nikasema, "Nimekukosea, naomba unisamehe." Nikakaza meno nisiongeze.

Akaendelea kuzungusha pedali. "Yalikuwa matusi mangapi?"

"Saba."

"Mimi nilihesabu sita."

"La saba ni la mwisho. Contemptible."

"Hilo silijui. Maana yake nini?"

Nikasema kwa aibu, "Mtu wa kudharauliwa."

"Lina mzizi gani?"

Nikamwambia. Akarudia mara mbili tatu, akalionja mdomoni. Halafu akacheka, akacheka mpaka akaweka chupa ya mafuta chini. Lakini alipomaliza, uso ukarudi.

"Mimi nimekusamehe tangu jana, wewe ni mtoto. Umeniharibia mtani. Unajua mtani akifika mezani kwako ana haki gani? Nilikuwa nimtukane vizuri, nimalize kumwandika, kisha nimchukue kwangu ale mpaka Ijumaa. Sasa ndugu zangu Songea wakisikia mtani wangu kafutwa mbele yangu nami nimekaa, nitaficha wapi sura?" Akafuta mikono. "Yule bwana si mbaya. Lakini anataka kujua mdomo ulikuwa wa nani. Ukienda ukasema ni wako peke yako, mtani wangu naweza kumwombea arudi. Ila wewe usitegemee."

"Mimi jina langu libaki limefutwa?"

"Libaki."

Nikuambie uongo kwamba sikusita? Nilisita. Nilikuwa nimesoma zaidi ya Galusi, na kila mtu alijua. Nilisita urefu wa yule kuku kupiga kelele mara mbili. Kisha nikasema twende.

Mbele ya Mzungu nilisimama wima. Kichwani maneno marefu yalinijia kama siafu, responsibility, humiliation, nikayafukuza. Nikasema: "Sir, the bad mouth was mine. My friend said nothing. Please write his name again." Akauliza nimefundishwa wapi Kiingereza. Nikasema juu ya gogo. Nadhani hakunielewa, au alinielewa. Akamwita karani, akamwambia amwandike yule mmoja. Kwangu akasema huenda mwaka mwingine.

Galusi alipopata habari akagoma. Yule mpole, mwanangu, akawa mgumu kama nguzo. "Tulikuja wawili. Siingii peke yangu."

Hapo hasira yangu ikafanya kazi nzuri kwa mara ya kwanza. Nikamshika shingo ya shati. "Mhehe wewe! Unataka nikushike mkono mpaka uzeeni? Nani atakayekuongoza chooni, mimi? Mimi nina kazi zangu! Ingia huko ukajifunze kujitibu!" Akanitazama, akaanza kucheka kidogokidogo. Mzee Teofili pembeni akasema, "Sasa hayo ndiyo matusi yenye kazi."

Nikampa daftari, upande wangu na wake. Nikatoa ukurasa mmoja tu, unaujua upi. Ijumaa akafanya mtihani. Mtihani ulijaa majina ya magonjwa, na yeye akayapasua moja baada ya jingine. Akapita. Ile wiki yote alikula na kulala kwa karani, na mke wa karani alisema matusi ya wale wawili mezani hata mbwa alitoka nje.

Mimi nikarudi Kilolo. Nyapara akanipa mwenzangu mpya, akaniuliza, juu au chini? Nikasema chini. Nilitaka nijue alichokuwa anakula Galusi. Nilikaa chini msimu mzima. Ukiwa chini huoni mstari, mwanangu. Unaona unga unashuka na mguu wa mwenzako tu. Nilifunga macho, nikavuta, nikamwamini yule wa juu, na kila siku nikajiuliza kama Galusi aliniamini hivi halafu nikampeleka ofisini nikapindisha mstari.

Mtihani wa mwaka mwingine sikuufanya. Kiingereza niliendelea nacho peke yangu, nikafundisha vijana wa kambini kwa mkaa uleule, na wengine wao walifika mbali kuliko mimi. Sijutii.

Galusi akawa dresa, wakampeleka zahanati upande wa Makongolosi, kwa watu wa machimbo. Macho yake yakapona kabisa, meupe kama ya mtoto. Miaka ikapita. Siku moja yule karani akafariki, hapohapo Mbeya. Nilikwenda msibani. Tulikuwa tumebeba jeneza tunatoka uani, vilio vimetanda, mara lori likasimama barabarani, akashuka Galusi na koti lake jeupe la kazi. Akaja mbio, akajilaza chali katikati ya njia.

"Hapiti mtu hapa! Huyu ni mtumwa wangu! Nani kampa ruhusa ya kufa? Mimi sijampa!"

Watu wakasimama. Akainuka, akaomba miwani ya marehemu, akaivaa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama yuko mezani ofisini. "Jina? Kabila? Unakwenda wapi? Ahera? Ahera hawapokei Wangoni leo, njoo Ijumaa na mtihani!"

Mjane aliyekuwa hajala siku mbili akacheka. Alicheka huku machozi yanamwagika, akamtupia kanga, akamwambia, "Toka hapo, Mhehe mwehu!" Wazee wakamlipa jogoo, ada ya mtani msibani, njia ikafunguliwa. Wakati huo ndipo nilipomwona Galusi amegeuka ukutani, mabega yanatetemeka. Aliponiona nimesimama karibu akajifuta, akapaza sauti, "Na huyu dikshenari mpeni sepetu! Kuongea asiongee huyu!" Nikapewa sepetu. Nikafukia.

Nilipokuwa natupa udongo nikaelewa nilichotaka kukipiga teke siku ile pale mezani. Lile neno mtumwa lilikuwa na mzizi mrefu kupita mzizi wowote wa Kilatini. Ulitoka vitani, ukapita kwa mababu, ukafika mpaka kaburini, na matunda yake ni mjane kucheka siku ya msiba.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na ninaisema wazi usije ukasema mzee alizunguka. Soma hicho Kiingereza kwa mizizi na mikia, utafika haraka kuliko wanaokariri punje. Maneno ndugu yajue, lakini ujue na kazi ya kila mmoja, na usijaze ukurasa wa ugomvi peke yake, maana ulichokijaza ndicho kitakachomwagika siku ya hasira. Mtu akikuambia neno usilolielewa, lifanyie kama unavyolifanyia la kitabu. Simama. Litafutie mama yake. Muulize, au mtazame aliyeambiwa, kama analia au anacheka. Na rafiki yako umpende kwa nguvu zote, kama mimi nilivyompenda Galusi, ila umwachie mdomo wake. Anao.

Kesho asubuhi uende kwa yule mwenzako uliyemrukia. Kiswahili, sentensi moja. Kuku nitakupa mimi.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akunoe jino kwa jino, asikukate hata moja. Akupe wa juu anayeona mstari, na siku ukiwa juu wewe, akukumbushe kwamba yuko mtu chini. Na watani wako wakuzike uzeeni sana, wakikutukana vizuri.